Majibu ya Mwanamkuu

Jumatatu saa moja na robo asubuhi Evance alifungua kabati la joto la maabara, akatoa chupa sita bapa zenye seli za KB-14 na kuzipanga mezani, kama alivyofanya kila Jumatatu kwa miaka miwili. Umeme ulikuwa umekatika Jumapili mchana, lakini jenereta lilifanya kazi yake na kipimo kilionyesha nyuzi thelathini na saba kamili. Chupa ya kwanza ilikuwa sawa. Ya pili ilikuwa sawa. Alipoinua ya tatu ili aitazame kwenye mwanga, chupa ilimwuliza kama hapo ndipo wanapoitia majina.

Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, imekauka kidogo, kama ya mtu aliyekaa muda mrefu bila mtu wa kuongea naye.

"Shikamoo," alisema Evance.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nikae hapa, nitaitwa. Sasa sijui kama wameshanipita."

"Hawajakupita, mama. Bado."

"Haya, ahsante."

Evance aliiweka chupa chini ya hadubini. Seli zilikuwa zimejaa na kubanana, zenye afya, na maji yao ya chakula yalikuwa bado mekundu. Alizihesabu, akaandika idadi kwenye daftari, na kwenye safu ya Mengineyo akaongeza: Chupa namba 3 inaongea. Kiswahili.

Saa tatu Dokta Stellamaris, mkuu wa maabara, alipita kutia saini. Alisoma mstari ule mara mbili.

"Umeangalia kama kuna bakteria?"

"Nimeangalia, daktari. Hakuna."

"Fangasi?"

"Hakuna."

Alitia saini na kwenda kwenye kikao.

Taasisi yenyewe ilikuwa ndogo, jengo moja lenye paa la bluu upande wa Mbwawa, kati ya nyumba za watumishi ambazo hazijaisha kujengwa na mashamba ya mihogo ambayo yalikuwa hayajauzwa. Ilichunguza jambo moja: seli ikijeruhiwa vinasaba vyake, nani anaamua kama itaishi au itakufa. Sehemu ya jibu inajulikana. Ndani ya kila seli kuna protini iitwayo p53, ambayo watu wa maabara huiita mlinzi. Siku za kawaida mlinzi huyu huwa haba, anatengenezwa na kuondolewa, hana shughuli. Vinasaba vikikatika, kwa jua, kwa moshi, kwa mionzi au kwa kosa tu la kunakili, mlinzi huongezeka ndani ya saa chache na kusimamisha kazi. Seli haigawanyiki tena mpaka ikaguliwe. Mafundi wa kuziba jeraha huitwa. Jeraha likizibika, kazi inaendelea. Lisipozibika, seli itastaafu, ikae mahali pake bila kuzaa tena, au itajikunja na kufa kwa utulivu bila kuwasumbua majirani. Kila mtu hufiwa na seli nyingi namna hiyo kila siku, na hakuna anayekaa matanga.

Seli za KB-14 hazikuwa hivyo. Kirusi kilichoingia kwenye shingo ya kizazi ya mwenye seli hizo, miaka mingi kabla hajajua, kilikuwa kinamkamata mlinzi kila anapotengenezwa na kumpeleka kusagwa. Mlinzi mwenyewe alikuwa mzima, hana kasoro, ila hapewi nafasi ya kusimama. Kwa hiyo seli zile zilipopigwa mionzi hazikusimama kukaguliwa. Ziligawanyika na majeraha yao hivyo hivyo, mwaka wa sita sasa. Zilikuja taasisi pamoja na vifaa vya mradi wa zamani uliokwisha, ndani ya vichupa vilivyoandikwa KB-14 kwa kalamu isiyofutika. Jina la mwenyewe halikuandikwa kwenye kichupa chochote.

Wiki ile Evance aligundua kwamba seli huongea zinapojaa na kugusana. Akizigawa kwenye chupa mpya, sauti hufifia, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde, na siku ya tatu inarudi. Chupa zote sita zikijaa huongea kwa pamoja, neno kwa neno, kama redio sita zilizofunguliwa stesheni moja. Hazikuwa na maneno mengi. Mama aliuliza saa ngapi. Aliuliza kama daktari ameshaingia. Alisema amemwacha mtoto kwa jirani na mtoto mwenyewe halali bila kumwona, kwa hiyo kama ni leo iwe leo na kama ni kesho aambiwe ajue. Evance alijibu, "Bado kidogo, mama," na kila alipojibu hivyo mama alimshukuru. Ijumaa aliposhukuriwa mara ya nne, Evance alivua glavu, akatoka nje akasimama kwenye jua bila sababu.

Getini alikuwepo Kondo, mlinzi wa taasisi, mtu wa Kisarawe, umri kama miaka sitini. Evance alimweleza.

"Anasema Kiswahili cha wapi?" aliuliza Kondo.

"Mimi wa Karagwe, mzee. Kwangu mimi kila mtu huku anasema sawa."

Kondo aliacha rungu lake kwa mwenzake wa zamu, akavaa koti jeupe lililombana mabegani, akaingia maabara kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. Alisimama mbele ya kabati la joto, mikono nyuma, akasalimia. Alipoitikiwa aliinamisha kichwa kusikiliza vizuri, kisha akaendelea kwa Kizaramo. Waliongea dakika kumi hivi. Mara moja chupa zilicheka. Kondo hakucheka.

"Huyu ni mke wa Mwishehe wa Maneromango," alimwambia Evance walipotoka. "Mwanamkuu binti Zahoro. Kwao na kwetu tunaingiliana kwenye arusi na misiba. Ameshafariki huyu. Mazishini mimi nilikuwepo."

"Umemwambia?"

"Nimwambie mimi kama nani? Ana mume. Ana mtoto."

Jumamosi Evance aliazima pikipiki akaenda. Mvua za wiki ile zilikuwa zimechimba barabara baada ya Kisarawe, na sehemu mbili ilimbidi ashuke na kuisukuma. Alimkuta Mwishehe anapalilia chini ya mikorosho, mtu mrefu mwenye kikohozi kidogo cha mazoea. Mkewe, Sikuzani, alikuwa barazani anamenya mihogo. Walimpa kigoda na maji ya kunywa, wakamwacha apumzike, ndipo wakamwuliza habari. Evance alieleza yote tangu Jumatatu, bila kuruka. Mwishehe alisikiliza akiwa ameshika jembe kwa mikono miwili.

"Anakula?" aliuliza.

"Anakula, mzee."

"Nini?"

"Maji yenye sukari na chumvi. Na damu ya ndama kidogo, ile sehemu nyepesi ya juu."

"Ndama kachinjwa na nani?"

Evance alisema hajui, inaletwa kutoka nje ikiwa imeshafungwa.

"Mwanamkuu alikuwa mtu wa swala tano," alisema Mwishehe.

"Mgonjwa ana ruhusa," alisema Sikuzani. Aliweka kisu juu ya mihogo. "Mwenzangu mnamfunika nini?"

"Yuko kwenye kabati la joto, mama."

"Kabati la joto si nguo." Aliingia ndani, akatoka na kipande cha khanga ya zamani, rangi ya zambarau iliyofifia, imekunjwa mara nne. Haikuwa yake. Alimkabidhi Evance kwa mikono miwili, akarudi kwenye mihogo yake.

Evance aliichemsha khanga ile kwenye mtungi wa mvuke, nyuzi mia moja ishirini na moja kwa dakika ishirini, kama utaratibu unavyotaka kwa kila kinachoingia kwenye kabati, akazifunika chupa. Siku ile mama hakuuliza saa.

Jumanne Mwishehe alikuja na binti yake. Hajira alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa anashona nguo Kisarawe mjini. Mama yake alipofariki alikuwa na miaka kumi na mitatu. Walijiandikisha kwenye kitabu cha wageni. Kwenye safu ya Unakuja kumwona nani, Mwishehe aliandika: Mke. Kondo alimpa mkono wa pole, na Mwishehe, ambaye njiani alikuwa ameelezwa na bintiye habari za ndani ya seli kama binti mwenyewe alivyoelezwa na Evance kwenye simu, alimtazama juu mpaka chini.

"Na wewe ndiye yule mlinzi wanayemsema?"

"Mimi wa getini," alisema Kondo.

Dokta Stellamaris aliwapokea mwenyewe. Tangu Jumamosi jioni, Evance alipompigia simu na kumtajia jina, alikuwa amefukua masanduku ya mradi wa zamani, na juu ya meza yake kulikuwa na karatasi moja. Aliwaonyesha kabla ya kuwapeleka ndani, akizungumza taratibu, macho yake yakiwa kwenye karatasi. Majibu ya kipande alichokatwa Mwanamkuu yalitoka siku ya tisa. Nakala ya mradi ilipokelewa na kutiwa saini siku ileile. Nakala ya wodi, sehemu ya Imepokelewa na, ilikuwa tupu.

"Siku ya tisa," alisema Mwishehe.

"Ndiyo, mzee."

"Alikwenda mara kumi na moja. Nilikuwa nampeleka barabarani mimi mwenyewe. Kila akirudi anasema, wameniambia nikae nitaitwa, halafu jioni wanafunga." Alikohoa. "Na kipande hiki kukaa huku, nani aliruhusu?"

"Wakati ule fomu haikuwa na sehemu hiyo."

"Fomu haikuwa na sehemu hiyo," alirudia Mwishehe, bila ukali, kama mtu anayejifunza sala mpya. "Kwa hiyo sisi tulizika pungufu."

Dokta aliondoa miwani, akaifuta, akaivaa tena, akafungua mlango wa maabara.

Waliingia wamevaa makoti meupe. Evance alizitoa chupa na khanga yake, akaziweka mezani. Mwishehe alikohoa, na kabla hajasema neno chupa sita zilisema, "Baba Hajira, kile kikohozi hujakitafutia dawa mpaka leo?"

"Sijakitafutia."

"Umekuja na nani?"

"Shikamoo, mama," alisema Hajira.

Mota ya kabati la joto ilijiwasha, ikanguruma, ikazima.

"Marahaba," zilisema chupa. "Sauti imekuwa ya mtu mzima. Nimekaa sana hapa, ee?"

"Umekaa, mama."

"Majibu yametoka?"

Hajira alimwangalia baba yake. Baba yake alimwangalia Dokta Stellamaris, naye akampa karatasi. Hajira aliishika mbali kidogo na uso, akasimama wima kama wanavyosimama wale wanaotoka mlangoni na orodha.

"Mwanamkuu Zahoro," aliita.

"Abee," ziliitika chupa, zote sita.

Alisoma. Alisoma tarehe, umri, kijiji, na maneno ambayo hakuyaelewa aliyasoma vilevile, na mwishoni alisoma kwamba ni saratani ya shingo ya kizazi na kwamba mgonjwa arudi mapema aanze matibabu. Alipomaliza alikunja karatasi.

"Imeandikwa mapema?"

"Imeandikwa mapema, mama."

"Basi nianze lini?"

Mwishehe alisogea mbele, akaweka kiganja chake juu ya chupa iliyokuwa karibu, ingawa utaratibu hauruhusu kushika bila glavu, na Evance hakumzuia.

"Mama Hajira," alisema Mwishehe, "ulikwisha kututoka. Mwezi wa tatu, Ijumaa, mchana. Miaka sita karibu inatimia."

Evance aliangalia chini ya hadubini kwa mazoea tu. Seli hazikuwa zimefanya lolote.

"Nilikuwa nahisi," alisema Mwanamkuu. "Watu wanaokaa na mimi hapa hawabadiliki. Nani alinikosha?"

"Bibi, na mama Sikuzani," alisema Hajira.

"Sikuzani ana mkono mwepesi. Vizuri." Kisha akauliza, "Baba yako kaoa?"

Mwishehe alikohoa. "Nimeoa. Nimemwoa Sikuzani."

"Nilijua. Alikuwa anaisifu mboga yangu kupita kiasi." Baada ya kidogo aliongeza, "Mwambie khanga imefika."

Walikaa naye mpaka adhuhuri. Aliuliza habari za mikorosho, na nani alikufa na nani alizaa. Alimwuliza Hajira kama naye ugonjwa huu utampata. Hajira akasema walikuja shuleni kuwachoma sindano wasichana wote wa miaka kumi na minne, sindano ya kuzuia kirusi hicho hicho.

"Lini?"

"Mwaka mmoja baada yako, mama."

"Mwaka mmoja," alisema Mwanamkuu. "Na ukifika umri, nenda wakakuangalie. Wakikwambia kaa utaitwa, usikae. Simama mlangoni."

Kisha akataka kujua kwa nini yeye yuko hapa na wenzake wa umri wake wamelala. Evance alivuta kigoda. Hakuwahi kueleza kazi yake kwa mwenye seli, kwa hiyo aliianza mbali, kwa mlinzi na kwa kirusi, na Mwanamkuu alimkatisha mara kadhaa ili aelewe. Evance alisema mwili wa mama ulikufa kwa sababu seli hizi hazikuambiwa zisimame, na seli hizi hazijafa kwa sababu hiyo hiyo. Alisema kuna dawa wanayoijaribu, inayomwachia mlinzi nafasi. Wakiiweka na kupiga mionzi, mlinzi atasimama.

"Halafu?"

"Kwanza kila kitu kitatulia. Halafu ataangalia panapozibika na pasipozibika."

"Na pasipozibika?"

"Zingine zitastaafu, mama, zitabaki kimya. Zingine zitakufa."

"Kwa maumivu?"

"Sidhani. Seli inajikunja yenyewe, inafunga vitu vyake vidogo vidogo, na majirani wanamalizia."

"Kama mtu anayehama vizuri," alisema Mwanamkuu.

"Kama hivyo."

Alisema angependa hivyo. Alisema amechoka kukaa, miguu inamfa ganzi, ingawa hakuwa na miguu. Mwishehe aligeuka kwa Dokta Stellamaris kuomba ruhusa, akiwa tayari kuomba sana, lakini hakukuwa na haja. Chupa zote sita zilikuwa zimepangiwa dawa na mionzi kesho yake. Ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani tangu Januari. Dokta aliwaonyesha tarehe kwa kidole.

Jumatano saa nne Evance aliweka dawa, na saa nane mchana akaziingiza chupa kwenye mashine ya mionzi kwa dakika mbili. Hajira alikuwa amelala kwa mke wa Kondo ili asiende na kurudi. Aliruhusiwa kukaa maabara, kwenye kiti karibu na dirisha, na alikuja na nguo za kumalizia kwa mkono.

Jioni ile seli ziliacha kugawanyika. Evance aliona chini ya hadubini: hakuna hata moja iliyokuwa imejiandaa kuwa mbili, na jambo hilo halikuwahi kutokea katika KB-14 tangu ipewe namba. Sauti ya Mwanamkuu ilibadilika. Ilipungua haraka yake. Alisema pametulia, kama sokoni mvua inapoanza na watu wanakimbilia vibandani.

Alhamisi ilikuwa siku ya mafundi, na Mwanamkuu alikumbuka vitu. Hakuwa anasubiri tena, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Alimweleza Hajira jinsi ya kuweka mkato wa bega ili nguo isimvute mtu mwenye mgongo mpana, jambo ambalo Hajira alikuwa amelikosea mwaka mzima. Alikumbuka jina la muuguzi aliyempa kiti chake safari ya kumi na moja, akataka asalimiwe. Alikasirika pia, kwa mara ya kwanza. Alisema mara kumi na moja ni safari nyingi kwa mtu anayetoka damu, na kwamba yule aliyetia saini nakala ya mradi, kama Hajira alivyomweleza, alikuwa na mkono wa kutia saini hata nakala ya wodi. Alisema hivyo mara moja tu, wakati Dokta Stellamaris alipokuwa anapita. Dokta alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Ni kweli, mama," akaenda ofisini kwake, na mchana ule hakuonekana kwenye chai.

Ijumaa asubuhi seli nyingi zilianza kujikunja. Zilijikusanya, zikawa za mviringo, zikagawa vitu vyao katika vifurushi vidogo, zikaachia sakafu ya chupa na kuelea. Chupa ya tano ilinyamaza kwanza, kisha ya kwanza. Mwanamkuu aliendelea kuongea katika nne zilizobaki, kisha katika mbili. Mwishehe aliwasili saa tano na Sikuzani, ambaye hakuwa amealikwa na hakuzuiwa. Sikuzani alikaa karibu na meza, akavuta khanga vizuri juu ya chupa.

"Mwenzangu," alisema.

"Nipo," ilisema chupa ya tatu. "Mboga ile siri yake ni karanga mbichi. Usiikaange."

"Nimesikia."

Saa saba na dakika kumi, adhana ikiwa inasikika kutoka upande wa barabara kuu, chupa ya tatu ilimwita Hajira, na Hajira alipoitika haikuendelea. Evance alingoja dakika tano, akaangalia. Zilibaki seli chache sana, zilizostaafu, pana na bapa kama chapati, zimeshika sakafu, kimya. Aliandika saa kwenye daftari.

Alizikusanya zote, zilizokufa na zilizostaafu, akaziosha kwa dawa ya kuua kirusi, akazitia kwenye kichupa kimoja kisichozidi kidole gumba. Alizifunga ndani ya khanga. Maalim Jabiri wa Maneromango alipoulizwa alisema kipande cha mwili kizikwe, sala yake ilikwisha kusaliwa. Mwishehe alichimba mwenyewe, pembeni ya kaburi, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko. Majirani walikuja na kukaa kidogo, wakanywa uji, wakarudi mashambani. Evance alikuwepo. Watu walimpa pole naye akapokea, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

Tatizo lilikuwa pipa la naitrojeni. Ndani yake kulikuwa na vichupa mia mbili na arobaini vya KB-14, vimegandishwa, na katika baridi ile hakuna anayesema. Tena kulikuwa na vilivyokwishapelekwa kwenye maabara kumi na tisa za nchi nyingine. Mwishehe aliandika barua kuviomba, kwa mwandiko mzuri, na Dokta Stellamaris akaiambatanisha na barua yake mwenyewe, akaipeleka juu. Majibu yalikuja kwa haraka isiyo ya kawaida. Yalisema kwamba seli hizo ni mali ya ushirikiano wa utafiti, kwamba familia inashukuriwa kwa moyo wake, na kwamba jina la mtoaji lisitumike katika mawasiliano yoyote, ili kulinda faragha yake.

Mwezi uliofuata sehemu ya pili ya utafiti ilianza, na Evance aliyeyusha kichupa kingine. Siku ya tisa seli zilijaa, na mwanamke akauliza kama hapo ndipo wanapoitia majina. Hakukumbuka kitu. Evance alimsalimia, akatoka nje, akampigia simu Hajira. Hajira alifunga duka akaja. Aliita jina, akaitikiwa, akasoma karatasi, akaeleza mwezi wa tatu na Ijumaa na nani alimkosha. Mama alikasirika Alhamisi na kuondoka Ijumaa. Hajira alisema aitwe kila mara, na tangu hapo huitwa kila baada ya wiki sita. Amezoea, kwa kadiri mtu anavyoweza kuzoea. Husema mara zingine mama huja na jambo jipya. Juzi alimwimbia wimbo aliokuwa hajausikia tangu akiwa anabebwa mgongoni.

Kutoka nje zilikuja barua pepe mbili tatu. Maabara moja iliuliza kama KB-14 hutoa sauti, na kama sauti hiyo inaathiri matokeo. Nyingine ilisema wao wameziwekea muziki na zimepungua kelele. Hajira alirekodi ujumbe kwenye simu, dakika mbili na sekunde arobaini, wa kumsomea mama yake majibu huko aliko. Dokta Stellamaris aliusikiliza wote. Alisema unaweza kutumwa kama jina litakatwa.

"Bila jina hatajua ni yeye anayeitwa," alisema Hajira.

"Najua," alisema Dokta.

Ujumbe umebaki kwenye simu. Alhamisi iliyopita lilikuja ombi la vichupa vinne. Evance alivitoa kwenye pipa, akavipanga kwenye sanduku la barafu kavu, akafunga kwa gundi ya karatasi na kujaza fomu ya kusafirishia. Fomu ni mpya, toleo la mwaka huu, na sasa ina sehemu ya jina la mtoaji. Evance alishika kalamu juu ya sehemu ile kwa muda. Kisha aliandika kama alivyoelekezwa: Halijulikani. Dereva alikuwa anasubiri nje, injini inanguruma.